Jiwe Linalong'aa Kivukoni

Kaka yangu hakupotea hata mara moja ndani ya gemu langu. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini mimi nililipokea kama sifa.

Tuliishi pamoja Katesh, vyumba viwili vya kupanga eneo la Jorodom, mlima Hanang ukiwa umetuinamia nyuma ya nyumba. Yeye alifundisha shule ya msingi. Mimi nilichapa barua na kutoa kopi kwenye steshenari karibu na stendi. Jioni akisharudi, akivua viatu na kumwagia miguu maji, nilimkabidhi kompyuta yangu na pedi ya gemu niliyoiunga kwa gundi ya fundi viatu, kisha nikakaa pembeni na daftari ili niandike kila anapokwama. Ukurasa ulibaki mweupe. Nyoka wa kwanza alipochomoza majini upande wa kushoto, kaka alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kuruka. Kwenye njia panda ya msituni, ambako vijana wawili wateja wa steshenari walizunguka mpaka wakachoka, yeye alikata kulia bila hata kutazama.

"Kaka, umejuaje anatokea kushoto?"

"Nimebahatisha."

"Mara tatu?"

"Mwalimu habahatishi, anakadiria." Akacheka, macho yake yakiwa bado kwenye kioo. "Umetengeneza kitu, mdogo wangu. Hii ni yetu kabisa."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, nikayawekea mstari chini. Hii ni yetu kabisa. Siku nikiwa na wasiwasi, na siku hizo ni nyingi, nilifungua ukurasa ule nikausoma.

Gemu lile nilikuwa nimelitengeneza kwa miaka miwili, peke yangu, bila kufundishwa na mtu. Kompyuta niliinunua ikiwa imeshachoka. Programu ya kutengenezea niliishusha vipande vipande kwa bando la simu. Kiingereza cha maelezo nilikielewa nusu, nusu nyingine nikajaribu hiki na kile mpaka mashine ikakubali. Na nina ugonjwa wa kurudia. Kulikuwa na kondoo mmoja mweusi anayeonekana kwenye kioo kwa muda wa kumaliza glasi moja ya maji. Mwendo wake niliuchora upya mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuwafuata kondoo wa watu barabarani nikitazama magoti yao. Mchungaji mmoja aliniuliza kama nataka kununua au nataka kuiba.

Ukiniona ungedhani ni bidii. Ilikuwa hofu. Niliogopa kwamba mtu mmoja, popote alipo, angetazama lile goti na kusema: huyu Mwiraqw hajui hata kondoo wa kwao. Kwa hiyo kila kitu ilibidi kiwe sahihi. Majani ya kivukoni yalikuwa majani ya kivuko cha Maretadu, kijiji cha kwetu. Nyumba zilikuwa nyumba za zamani zilizochimbiwa mlimani. Na hadithi, ambayo ndiyo nilijivunia kuliko vyote, ilikuwa ya bibi yetu.

Nilikuwa na miaka saba nilipomwagikiwa na uji wa moto mguuni. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Vibao vya ofisi vilikuwa vinabadilishwa jina, na watu wazima waliuzungumzia mkoa kama watu waliohamia nyumba ambayo rangi haijakauka. Baba na mama walikuwa wamekwenda kulima shamba la kukodi kwenye tambarare za Hanang, wametuacha mimi na kaka kwa bibi huko Maretadu. Msimu mzima wa mvua nilikaa kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na mlango, mguu umenyooshwa, nikiwatazama wenzangu wakipita kwenda shule. Kila alasiri nililia. Bibi alikuwa akipukuchua mahindi au akichambua maharage, na hadithi alizisema bila kunitazama, vidole vikienda.

Siku moja akaanza ile ya kivuko. Jua lilikuwa limemezwa. Kwa wazee wetu jua ni Lo'a, ni mama, naye alikuwa amemezwa na mmoja wa netlaangw, wale wakaao kwenye chemchemi na vilindi vya maji. Mwindaji mwenye mkono mmoja akatoka kwenda kumrudisha. Akafika kwenye kivuko, akakuta jiwe linalong'aa, akaligusa, akapumzika. Akaingia majini, akauawa. Akaamka tena palepale kivukoni, kando ya jiwe, mkuki ukiwa mkononi. Akaingia tena.

"Bibi, ameamkaje na ameshakufa?"

"Si aligusa jiwe?" alisema, kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha.

Haikuisha siku ile. Iliendelea mvua nzima, na sehemu mpya ilikuja kila baada ya siku ya gulio. Kuna wiki bibi alisema tu, "Safari hii maji yamefunga, hapiti mtu," na nikabaki na hamu mpaka wiki nyingine. Kuna siku mwindaji alirudishwa mwanzo kabisa, kabla hata ya kivuko, akapoteza kila alichokipata, na bibi aliisema sehemu ile kwa hasira ya mtu aliyeibiwa.

Mwisho wake naujua kwa moyo. Mwindaji hakumuua mwenye maji. Baada ya kuua walinzi wake wote alisimama mbele yake, akaweka mkuki chini, akamsalimu kwa heshima zote, akampa kondoo mweusi. Mwenye maji akafungua kinywa kupokea salamu, na Lo'a akatoka. Lakini mwindaji hakuingia nyumbani. Mtu mwenye damu mikononi havuki mto kwenda kwa watu mpaka asafishwe. Akakaa ng'ambo, akiwasikia watoto wake wakicheza, mvua zikipita.

Nilipokua nilicheza gemu nyingi za miungu ya watu wengine, kwenye simu, kisha kwenye kompyuta. Nilizicheza kama mwanafunzi, nikiandika. Nyingi zilinichosha kwa sababu moja: ukimvua yule mungu jina lake ukamvisha la jambazi wa mjini, hakuna kinachobadilika. Unampiga vilevile, anaanguka vilevile, unasonga mbele. Hadithi imepakwa juu kama rangi ya basi. Chache zilizonishika zilikuwa na kitu kingine. Pigo lilikuwa na uzito, hilo kwanza. Mkuki ukigonga ngao unausikia kwenye viganja. Adui alikufundisha kabla ya kukuua, ukajua kosa ni lako. Lakini zaidi ya hayo, yale ambayo watu fulani waliyaamini yalikuwa yamewekwa kwenye vitufe. Ulilazimika kutenda kama wao ndipo upite. Vidole vyako viliamini kabla yako.

Nikatazama hadithi ya bibi na nikaona utajiri. Kwenye gemu za wengine, kufa na kuanza upya ni utaratibu tu wa mashine, na mtengenezaji anahangaika kuueleza. Kwetu, niliandika, kufa na kuamka kivukoni ni hadithi yenyewe! Wazee wetu walikuwa wamelifikiria jambo hili kabla ya umeme. Nikalijenga gemu lote juu ya jiwe lile. Unaligusa, unapumzika, unaingia, unakufa, unaamka. Nililipa mwanga wa kijani hafifu ambao ulinichukua mwezi mzima. Kijani hicho, nyoka wa kushoto na njia ya msituni nilivichukua vilevile kutoka kwa bibi.

Kisha ikaja fomu. Kulikuwa na maonyesho ya vijana wabunifu huko Arusha, na kundi moja lilikuwa la michezo ya kompyuta iliyotokana na simulizi za asili. Waliochaguliwa wangekaa miezi sita na watu wanaoijua kazi hii. Miezi sita ya kumuuliza mtu swali, na yeye akajibu! Nilikuwa sijawahi kumuuliza mtu. Fomu ilitaka jina la jamii yenye simulizi, jina la msimulizi na dole gumba lake, na swali moja: msimulizi aliipata kwa nani?

Hilo sikulijua. Kwa kuwa siwezi kuacha kisanduku wazi, nilikwenda Maretadu siku ambayo bibi alikuwa kanisani, nikamfuata mzee mmoja jirani yake anayesifika kwa kusema dua za Kiiraqw kwenye mikutano. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamsimulia yote. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye jiwe.

"Linang'aa?"

"Ndiyo, babu."

"Lina betri?"

Wajukuu zake waliangua kicheko. Akaniambia habari ya kusalimu maji anaijua, habari ya kondoo mweusi anaijua, habari ya kukaa ng'ambo ndiyo kabisa, baba yake alikaa. Ila mwindaji wa mkono mmoja na jiwe lake hajawahi kumsikia, na yeye amezaliwa hapohapo.

Nikiri nilichofanya. Nilirudi Katesh nikaandika kwenye maelezo ya gemu kwamba simulizi hii ni adimu, imehifadhiwa na ukoo mmoja tu. Niliona fahari kuiandika sentensi hiyo. Hata nilimwonea huruma yule mzee.

Wiki mbili baadaye kijana mmoja akaja steshenari na flashi, anataka nimwekee gemu za zamani, zile za mashine za kwenye mabanda ya gemu, ambazo sasa zinachezeka kwenye kompyuta yoyote. Mchana ule hapakuwa na wateja. Nikafungua moja ili nihakikishe inafanya kazi.

Mwanamume mwenye mkono mmoja alisimama kwenye kivuko. Kando yake palikuwa na jiwe, na jiwe lilikuwa linang'aa. Kijani.

Niliendelea kucheza kwa sababu mikono yangu ilikuwa inajua. Nyoka akatokea kushoto. Msituni nikakata kulia. Nilipouawa niliamka kando ya jiwe, na maandishi madogo yakaniambia kwamba safari yangu imetunzwa. Sehemu ya kutunzia. Hiyo ndiyo ilikuwa imani ya wazee wangu. Nikamfikia bosi wa mwisho, joka kubwa la ziwani. Hakuna salamu. Mkuki unaingia kooni mara tano. Jua likatoka, na jua lilikuwa mfalme mwenye ndevu, akamvika mtu wangu taji, yakapanda majina ya watengenezaji wa nchi ya mbali, mengi, mengi. Mteja akaingia kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Nilimtolea cheti cha mtu mwingine.

Jioni kaka aliporudi sikumpa pedi. Nilimwekea gemu la yule kijana mbele yake, nikasimama mlangoni. Aliangalia kioo. Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekutana na rafiki wa shule, halafu akakumbuka kwamba mimi nipo, ukafunga.

"Umelitoa wapi?"

"Wewe ulilitoa wapi?"

Alikaa kitandani na soksi moja mkononi. Akanieleza akiitazama soksi. Siku za gulio bibi alimtuma Haydom kuuza mayai. Kulikuwa na banda la gemu nyuma ya gulio, jenereta nje, vijana ndani. Wasichana hawakuingia, na baba alikuwa ameapa kwamba akimkuta humo atamvunja mguu. Siku moja alichelewa kurudi, bibi akambana zizini, akasema kweli. Bibi hakumpiga. Alimwambia: utanisimulia ulichokiona, chote, usiruke kitu, na mimi sitamwambia baba yako.

"Ukawa unamsimulia."

"Wakati wa kukamua. Kesho yake anakupa wewe."

"Na siku maji yalipofunga?"

"Jenereta halina mafuta."

"Na aliporudishwa mwanzo?"

"Mtoto wa mwenye banda alifuta kumbukumbu ya mashine." Hata baada ya miaka yote hiyo aliisema kwa uchungu. "Nilikuwa nimefika mbali, mdogo wangu."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Miaka miwili. Nilikuwa namwuliza kama kivukoni paote mtete au mgomba, na yeye ananijibu, mtete. Alijaribu kwanza kwa mzaha, akasema fundi hapangiwi kazi. Sikucheka. Akasema mwaka wa kwanza alidhani nitachoka na kuacha. Mwaka wa pili aliogopa, maana nilikuwa nimeshawatangazia watu wote wa stendi. Halafu akasema jambo ambalo nafikiri ndilo la kweli.

"Nilitaka kulicheza tena. Sikulimaliza lile. Mashine iliungua kabla sijafika mwisho. Wewe ukawa unanijengea upya, kidogo kidogo, kila jioni."

Nilichukua daftari, nikafungua ule ukurasa wenye mstari, nikamwonyesha maneno yake mwenyewe. Hii ni yetu kabisa. Nikalala bila kumpikia, na kesho yake pia.

Jumamosi nilipanda basi la asubuhi kwenda Maretadu. Kwenye mfuko nilikuwa na fomu na kidau cha wino wa dole gumba cha ofisini. Njia nzima nilipanga maneno, nikayapanga tena, nikatengeneza hasira yangu kama nilivyotengeneza magoti ya kondoo. Bibi alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mama. Mguu?"

Ananisalimu hivyo tangu nikiwa na miaka saba. Mguu umepona zamani, umebaki na kovu la rangi ya maziwa. "Haujambo," nikajibu kama siku zote, na nikakasirika kwamba nimejibu.

Nilimwambia ninachokijua. Tulizungumza Kiiraqw, na kwa Kiiraqw hakuna neno la kutunza safari kwenye mashine, kwa hiyo nilihangaika. Alinisubiri nimalize.

"Nani amesema? Yule mwalimu? Hajawahi kuweza kufunga mdomo. Ndiyo maana nilimpata."

"Bibi, uliniambia ni hadithi ya wazee."

"Lini?"

Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu zangu zote, ngozi ya ng'ombe, mvua, mahindi yakidondoka kwenye ungo. Nikamsikia akisema jua, maji, mkono mmoja. Neno wazee sikulisikia popote. Nililiweka mimi.

"Uliniambia mwindaji alipita hapa Maretadu," nikasema.

"Alipita. Nilimpitisha mimi."

"Uliniacha niamini."

"Ulikuwa unalia, mama. Kila siku alasiri, kama saa. Hadithi zangu zilikwisha wiki ya pili. Ya fisi ukasema fisi wako ni mjinga kila siku, bibi, hubadilishi. Ya mwanamke aliyeolewa na simba ukalia zaidi. Ningefanyaje?"

"Ungesema ni ya kaka."

"Kaka yako angepigwa. Na wewe ungemtaka yeye akusimulie." Akarusha juu maharage, akapuliza makapi. "Hajui kusimulia yule. Akapiga, akapiga, akafa. Akapiga, akapiga, akafa. Nikamuuliza, huyo mwenye maji, alisalimiwa? Hajui. Hao waliouawa, wamezikwa na nani? Hajui. Jua lina mtoto? Hajui. Nikasema watu gani hawa wanaingia nyumba ya mtu na mkuki, hata hodi hakuna?"

Nilitaka kubaki na hasira yangu. Ilikuwa halali. Lakini nilikuwa nimeanza kusikiliza kama mtu mwenye daftari.

"Halafu mashine ikaungua," nikasema.

"Ikaungua, nikapata nafasi. Maana nilikuwa nimemchoka. Mtu anaua asubuhi mpaka jioni, halafu aingie kwake, ale, alale na mke wake? Haiwezekani. Nikamkalisha ng'ambo."

"Mpaka lini? Hukuwahi kusema alikaa mpaka lini."

"Mpaka mguu wako ulipopona."

Alisema hivyo kama anavyosema mambo yote, bila kunitazama. Kuku akaja kwenye makapi, akamfukuza kwa mguu. Mimi niliangalia kovu langu. Yule mtu aliyesikia watoto wakicheza akashindwa kuwafuata, nilikuwa nimempenda utoto wangu wote kwa sababu nilidhani ni babu wa babu yangu.

"Mwalimu alisema kuna karatasi ya kuweka dole," bibi akasema. Kumbe walishazungumza kwa simu. Hata hilo walikuwa wamelipanga. Akainua kidole gumba, akakipangusa kwenye khanga. "Lete wino. Ni yangu. Niliisema mimi."

Nilimwambia nimesahau wino. Kidau kilikuwa mfukoni, nilikishika kwa mkono nikiwa namwambia hivyo. Sikutaka kidole chake chini ya uongo, ndivyo nilivyojieleza kwenye basi. Ukweli ni kwamba nilitaka naye anyimwe kitu.

Wiki iliyofuata sikugusa gemu. Wiki ya pili nilikaa nalo na nikaanza kufuta. Nilifuta jiwe na mwezi mzima wa mwanga wa kijani. Nilimfuta nyoka wa kushoto. Nilifuta msitu na njia panda yake, walinzi wote, mapigo yote yenye uzito niliyoyajivunia. Kila kitu kilichopita kwenye banda la Haydom kilikwenda. Nilifanya kwa ubaya, kama mtu anayetoa vyombo vya mgeni nje.

Kilichobaki kilikuwa filamu fupi ya mwisho. Hapo ndipo niliona nilichokuwa nimefanya, na hili ndilo linaniumiza kuliko ya kaka na ya bibi. Salamu, kondoo mweusi, kukaa ng'ambo: hayo yote nilikuwa nimeyaweka kama picha za kutazama. Unamaliza kupigana, unaweka pedi chini, unaangalia. Mimi niliyeandika madaftari kwamba imani lazima iwe kwenye vitufe, vitufe vyote nilikuwa nimewapa wale wa nchi ya mbali. Bibi yangu nilimpa muda wa mtu kwenda kunywa maji.

Nikaanza kujenga upande huo wa bibi. Mtu anatokea upande mmoja wa mto, na damu mikononi, baada ya vita ambayo hatuioni. Mkuki unao, na unapiga vizuri, lakini ukiuinua maji yanapanda. Lazima uuweke chini. Lazima usalimu, na kusalimu kuna mpangilio wake na pumziko lake. Ukiharakisha ni kama hujasalimu. Kondoo huwezi kumburuta, unamwongoza, na ukimkimbiza anakaa. Yale magoti yalifaa hatimaye. Kisha unakaa ng'ambo na kuna kitufe cha kuvuka, kinafanya kazi wakati wote, na ukikibonyeza kabla ya wakati watoto wanaacha kucheza na wanaingia ndani. Kufa hakupo. Gemu lote ni dakika kumi na moja. Yalikuwa mateso kulijenga, na sijui kama ni zuri. Najua tu kwamba ukimbadilisha mwenye maji ukamweka jambazi, halichezeki.

Kwenye fomu, penye swali la msimulizi aliipata kwa nani, niliandika: mwanzo aliusikia kwa mjukuu wake, aliyeuona kwenye gemu la wageni, mwanzo huo nimeuondoa. Sehemu iliyobaki aliitunga mwenyewe juu ya desturi za kwao, kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Niliisoma nikaona kwamba kwa sentensi hiyo wanaweza kuniondoa kwenye kundi la simulizi za asili, na miezi sita ikaenda na maji. Nikaiacha. Kidau cha wino nikakiweka juu ya fomu, kwa ajili ya Jumamosi.

Jioni ya Alhamisi nilimkabidhi kaka pedi. Tulikuwa hatujazungumza sana, zaidi ya chumvi iko wapi na umefunga mlango. Akanitazama kuhakikisha ni kweli. Akavua viatu, akakaa, mikono yake ikashika pedi kwa uhakika ule niliouzoea, na mtu wake akatokea kando ya mto. Kaka akatazama pale jiwe lilipokuwa. Akatazama kushoto, akiwa tayari kuruka. Hakuna kitu kilichotoka. Akainua mkuki, maji yakapanda mpaka kifuani, akarudishwa ukingoni. Akaenda kulia kutafuta msitu. Akarudi. Akainua mkuki tena.

Nilifungua daftari.

"Mdogo wangu," alisema baada ya muda, "hapa nafanyaje?"

Nikaandika alipokwama, na sikumjibu.